Neno "Karibu" na Shimo la Uani

Leo twataka kuwakumbusha jambo lihusulo kila nyumba yenye mlango. Mgeni apigapo hodi, nasi tukamjibu "Karibu," tumekwisha kujitwika mzigo. Yampasa mwenyeji kuuangalia usalama wake hata atakapoaga.

Tufikiri nyumba moja ya vyumba sita huko Mbagala au Mwananyamala, yenye wapangaji wengi. Masika imenyesha, mfuniko wa shimo la choo umeoza, na juu yake kimewekwa kipande cha bati. Wenyeji waijua hatari hiyo, nao huizunguka hata gizani. Mgeni haijui. Akitumbukia na kuvunjika mguu, watu husema, "Ajali haina kinga." Lakini twauliza: je, hii nayo haikuwa na kinga? Kinga yake ilikuwa mfuniko wa zege.

Watu wa kale walilijua jambo hili. Katika Kutoka, sura ya 21, mtu aliyechimba shimo asilifunike, akatumbukia humo ng'ombe au punda wa mwenzake, alipaswa kumlipa mwenye mnyama. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, chamwagiza ajengaye nyumba mpya kuweka ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka. Ikiwa punda alilipiwa, sembuse mtoto wa jirani?

Sheria yetu yafuata njia iyo hiyo. Tanganyika ilipokea kanuni za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, nazo ndizo mizizi ya madai ya uzembe nchini hata leo. Mwaka 1932, katika shauri la Donoghue na Stevenson, jaji Lord Atkin aliuliza kama yule mwanasheria wa Injili aliyesimuliwa habari za Msamaria: jirani ni nani? Akajibu kwamba ni kila mtu ambaye tungepaswa kumfikiri, maana tendo letu au uzembe wetu waweza kumdhuru. Jirani zetu wa Kenya wanayo sheria ya pekee juu ya wenye kushika majengo, Sura ya 34.

Tena mashtaka hayamfuati mwenye hati peke yake. Huulizwa: ni nani mwenye mamlaka juu ya mahali pale? Mpangaji aweza kuulizwa habari za chumba chake. Mwenye nyumba, habari za ua, ngazi na choo cha wote. Kibao cha "Mbwa mkali" husaidia, lakini hakimfai mtoto asiyejua kusoma. Mwaka 1922, katika shauri la mtoto wa miaka 7 aliyekufa kwa kula matunda ya sumu katika bustani ya Glasgow, majaji walikubali kwamba mtoto hapimwi kwa akili ya mtu mzima.

Hata hivyo sheria haidai nyumba isiyo na hatari kabisa, bali uangalifu wa kiasi. Mgeni aliyezembea naye hupunguziwa fidia. Na mwenye madai hana budi kuyafungua katika miaka 3.

Basi, kabla ya mvua kuanza, baba na mama wa nyumba wazunguke ua kama wageni wasioujua: watazame mfuniko, kisima, ngazi na ukuta uliopasuka. Fidia hailirudishi guu lililokatwa, wala haiondoi uchungu kati ya jirani na jirani. Afadhali gharama ya zege leo kuliko safari ya mahakamani kesho.