Lugha ya Fedha kwa Watoto Wadogo: Funzo kutoka Njia ya Misafara ya Tabora

Siku hizi wako watungaji wanaotengeneza programu za simu za kuwafundisha watoto wadogo mambo ya fedha: kuhesabu, kununua, kuweka akiba na kulipa deni. Kazi hiyo ni njema. Lakini programu ikiisha kutungwa kwa lugha nyingine, kisha maneno yake yakatafsiriwa siku ya mwisho, lugha huwa kama rangi inayopakwa nyumba iliyokwisha jengwa. Makusudi ya makala hii ni kuonyesha kwamba lugha ni msingi wa nyumba hiyo, na kwamba mtungaji asiyeanza na vitenzi vya Kiswahili aweza kumfundisha mtoto hesabu iliyo kinyume.

Mfano wetu ni Tabora, mji ulioona fedha za namna nyingi. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika hapo Unyanyembe, kisha ikaendelea magharibi hadi Ujiji. Burton na Speke walipofika mwezi wa Novemba 1857, malipo ya njiani yalikuwa nguo na shanga. Nguo zilipimwa kwa mkono: mikono minne ilikuwa shuka, na shuka mbili zilikuwa doti. Shanga zilitungwa uzini: uzi mmoja uliitwa kete, na kete kumi zilikuwa fundo. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyejua vipimo hivi alijua fedha, ijapokuwa mkononi hakushika sarafu hata moja.

Baadaye zilikuja sarafu, na kila sarafu ilikuja na neno lake. Pesa na rupia zilitoka Bara Hindi. Mwaka 1904 serikali ya Wajerumani iliigawa rupia kwa hela 100 badala ya pesa 64. Sarafu ya hela imekwisha zamani, lakini neno lingali hai vinywani mwa Watanzania. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani walipiga sarafu papo hapo Tabora, katika karakana ya reli. Mojawapo ilikuwa ya dhahabu, yenye thamani ya rupia 15 na sura ya tembo. Tembo huyo amerudi katika noti yetu ya shilingi 10,000. Mtungaji mwenye busara angeweza kuanza somo lake kwa kumwonyesha mtoto doti ya merikani, kete ya shanga, sarafu ya tembo na noti ya tembo, ili aone tangu mwanzo kwamba fedha ni kitu chochote ambacho watu wamekubaliana kukipokea.

Ugumu wa leo ni kwamba fedha nyingine haionekani kabisa. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Tanzania mwaka 2008, watu wengi huweka fedha zao katika simu. Hapo ndipo kitenzi kimoja kidogo, *kutoa*, kinapoleta matata. Shuleni mtoto husoma kwamba tano toa mbili ni tatu. Basi kutoa ni kupunguza. Nyumbani husikia kwamba baba ametoa sadaka. Basi kutoa ni kumpa mwingine. Kisha humfuata mama yake kwa wakala, akasikia kwamba mama anatoa shilingi elfu kumi, na mara akamwona akipokea noti! Neno lamwambia kwamba mama amepungukiwa, na macho yamwambia kwamba mama amepata. Mtoto hana kosa akidhani kwamba simu ni mti unaozaa fedha.

Kwa kweli mama hakupata wala hakupoteza, isipokuwa makato. Fedha imehama tu. Kwa hiyo kitufe kilichoandikwa *Toa* peke yake hakifai. Yafaa kioo kionyeshe vyombo viwili, simu na mkoba, na maneno yawe kamili: *Toa katika simu, tia katika mkoba*. Chombo kimoja kipungue mbele ya macho ya mtoto, na kingine kijae wakati ule ule. Akiba nayo ionyeshwe kwa kibubu, chombo anachokijua.

Kitenzi *kutumia* nacho chahitaji uangalifu. Mtoto hutumia kijiko, na kijiko hubaki; hutumia shilingi mia mbili, nazo haziko tena. Katika masomo ya mwanzo afadhali kusema *kununua* au *kulipa*.

Lakini lugha yetu haina matata tu. Ina na hazina. Katika Kiswahili fasaha mtu *huazima* jembe, akarudisha jembe lile lile. *Hukopa* unga, akala, akarudisha mwingine wa kadiri ile. Tofauti hiyo ndiyo siri ya fedha. Doti moja ya merikani iliweza kulipwa kwa doti nyingine, na noti moja hulipwa kwa noti nyingine. Mtoto akicheza mchezo wa kuazima kalamu na kukopa unga ataelewa deni kabla hajafundishwa neno riba.

Yako mambo mawili ya kuchungwa. La kwanza ni ngeli. Mashine inayopachika tarakimu ndani ya sentensi iliyokwisha andikwa itasema *maembe 1*, na kumharibia mtoto lugha huku ikimfundisha hesabu. Yapasa programu ijue *embe moja* na *maembe mawili*, *kitabu kimoja* na *vitabu viwili*. La pili ni umri wa maneno. *Hongo* katika njia ya misafara ilikuwa ushuru uliojulikana, aliopewa mtemi ili msafara upite katika nchi yake. Leo hongo ni rushwa. Mtungaji anayetaka kusimulia safari ya Bagamoyo hadi Ujiji hana budi kueleza mabadiliko hayo, la sivyo atamfundisha mtoto kwamba rushwa ni nauli.

Basi twawashauri watungaji waende sokoni na kwa wakala, wasikilize vitenzi, ndipo wachore picha. Mtoto asiyeelewa neno la fedha ataanza maisha yake akidanganywa na neno hilo, na gharama ya kosa hilo ataijua akiwa mtu mzima, siku ya kulipa deni.