Jua Lizame Mmekwisha Kufika: Nasaha kwa Anayetaka Kuivuka Australia kwa Gari



Ndugu msomaji, Ijumaa iliyopita, watu walipokuwa wakitawanyika baada ya swala, alinifuata kijana mmoja wa mtaani kwetu akiwa na karatasi mkononi. Kaka yake anaishi Sydney, mashariki mwa Australia, na dada yake ameolewa Perth, upande wa pili kabisa wa bara hilo. Mwezi wa Juni atampeleka baba yao, mzee aliyepindukia miaka sabini, akawaone wanawe. Na badala ya kupanda ndege kati ya miji hiyo miwili, wamekusudia kukodi gari na kuivuka nchi yote wakiitazama. Karatasi ile ilikuwa na mpango wa safari: siku nne, kilomita elfu moja kila siku. Aliniomba dua. Nilimwombea, kisha nikamwomba tuketi kidogo, kwa sababu mpango ule ulinitia hofu.

Nusu ya magharibi ya njia hiyo ninaifahamu. Mwezi wa Julai mwaka 2017 mimi, mpwa wangu na rafiki yake tuliswali Ijumaa katika msikiti wa kale wa Adelaide, uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1880, kisha tukashika njia ya Perth. Barabara ni nzuri, ya lami mwanzo hadi mwisho, na magari hupita kushoto kama kwetu. Hayo ndiyo yaliyotughuri. Mtu akiona barabara inafanana na ya kwao hudhani na nchi inafanana. Lakini baina ya Port Augusta na Norseman kuna zaidi ya kilomita 1,600, na njiani humo miji ni michache, na sehemu kubwa huoni ila vituo vya mafuta vyenye vyumba vya kulala, ambavyo pengine hutengana kwa karibu kilomita 200. Upo mstari mmoja wa barabara usio na kona wenye kilomita 146.6. Katika mstari kama huo dereva husinzia huku macho yake yakiwa wazi.

Siku ya tatu jua lilipoanza kuelekea kuzama, nilisema tulale kwenye kituo tulichokuwapo. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, bado kidogo tu." Rafiki yake akanyamaza kwa adabu, nami nikanyamaza kwa kuchoka. Mtume wetu (S.A.W.) alielekeza kwamba wasafiri wakifika watatu wamteue mmoja wao awe amiri. Jambo hilo nimelisomesha madrasa kwa miaka mingi, na siku nilipolihitaji sikulitumia. Tulikuwa watatu, na hakuna aliyekuwa na neno la mwisho.

Tunakwenda upande wa magharibi, jua liko machoni, kisha ghafla halipo. Saa hiyo ndiyo wanyama hutoka kulisha kandokando ya barabara. Kangaruu mmoja mkubwa aliruka mbele yetu, tukamgonga. Alhamdulillahi hatukuumia, lakini rejeta ilipasuka na gari likazima. Simu zetu hazikupata mtandao. Tulikaa katika baridi kali kwa muda mrefu hadi dereva wa lori lenye matela alipotusimamia. Tulipomrudia mwenye gari, kampuni ambayo sina haja ya kuitaja, tulifunuliwa ukurasa wa mkataba tuliokuwa tumeutia saini bila kuusoma: kuendesha nje ya miji baada ya jua kuzama kumekatazwa, na bima hailipi. Gharama yote ikawa juu yetu. Mikataba mingi ya kukodi magari nchini humo ina sharti la namna hii kwa maeneo ya mbali, na mingine huweka malipo makubwa kwa gari linalochukuliwa mji mmoja na kurudishwa mji mwingine. Usomwe kabla ya kulipa, na jina la kila atakayeshika usukani liandikwe humo.

Kwa hiyo nilimwambia kijana: usipange kwa kilomita, panga kwa jua. Juni huko ni majira ya baridi. Wamechagua vyema, maana mwezi wa Januari joto la njia hiyo huweza kupita nyuzi 40. Lakini mchana wa Juni kusini mwa Australia ni wa saa kumi tu. Ondoa nusu saa baada ya jua kuchomoza na saa moja kabla halijazama. Ondoa mapumziko ya kila baada ya saa mbili, ambayo kwa mzee si ya hiari. Ondoa chakula, na Adhuhuri na Alasiri, ambazo msafiri ana ruhusa ya kuzikusanya na kuzipunguza. Zimebaki saa sita. Kasi ya juu inayoruhusiwa ni kilomita 110 kwa saa, lakini wastani wako hautapita 90. Hizo ni kilomita 540 kwa siku, na njia nzima ni karibu kilomita 4,000. Basi ni siku nane, na moja ya akiba.

Mengine ni mepesi. Viza huombwa kabla ya kuondoka nyumbani. Leseni halali iliyoandikwa kwa Kiingereza humtosha mgeni wa muda mfupi. Vyakula vyote vitajwe kwa maafisa uwanjani, kwani kuficha hata tunda kuna faini. Tena mpakani mwa jimbo la Australia Magharibi kuna ukaguzi mwingine, na hapo matunda mabichi, mboga na asali hutwaliwa. Mzee huyu hatoki bila chupa yake ya asali; amalize kabla ya kufika. Maji ya kunywa yachukuliwe mengi, kwa sababu vituo vya njiani vyenyewe vina uhaba.

Jambo moja zaidi si jepesi, nalo ni kuacha habari nyuma. Mwaka 1860 msafara wa Burke na Wills uliondoka Melbourne kuivuka Australia kutoka kusini hadi kaskazini, ukiwa na ngamia walioletwa kutoka Karachi na baadhi ya wachungaji wao. Burke aliacha kundi kwenye kijito cha Cooper limsubiri miezi mitatu. Lilimsubiri minne, kisha likaondoka asubuhi ya tarehe 21 Aprili 1861. Burke, Wills na King walifika jioni ya siku hiyohiyo. Walifukua chakula walichoachiwa chini ya mti, wakashika njia nyingine, wala hawakuweka alama yoyote juu ya mti ule. Wenzao waliporudi baadaye kuangalia, hawakuona dalili ya mtu, wakaenda zao. Burke na Wills walikufa. King alinusurika kwa kulishwa na wenyeji wa Yandruwandha. Leo kuna simu, lakini katika njia ya kijana huyu simu hunyamaza kwa saa nyingi. Kila asubuhi dada wa Perth ajue watalala kituo gani, na isipofika habari usiku, apige 000. Kifaa kidogo cha kuita msaada kwa setilaiti hukodishwa, na si ghali ukilinganisha na rejeta.

Kizazi cha ngamia wa zama zile kingali porini, na vibao vya barabarani huwaonya madereva juu yao. Wachungaji wengi walikuwa Waislamu kutoka nchi ambazo leo ni Pakistan, Afghanistan na India, na Waingereza waliwaita wote Waafghani. Kule Broken Hill, ambako kijana atapita siku ya tatu, umebaki msikiti wao mdogo wa mabati, nao sasa ni makumbusho. Nilimsihi asiupite. Kibla cha nchi hiyo ni magharibi kuelekea kaskazini kidogo, kwa hiyo atakuwa akikielekea karibu safari nzima.

Mwisho aliniuliza nani awe amiri, yeye au kaka yake, kwa kuwa ndio madereva. Nikamwambia si yeye wala kaka yake. Awe mzee, ambaye hashiki usukani na hana haraka ya kufika. Kijana akacheka, akasema, "Sheikh, baba atatusimamisha saa tisa mchana!"

Nikamwambia na iwe saa tisa. Akachukua kalamu, akaifuta ile "siku nne."