Kidonda kimefunga, ubongo bado

Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto ina urefu wa kilomita 33 hivi, na karibu yote ni kona. Inaanzia bondeni kwenye joto na mkonge, inapita Soni penye maporomoko, kisha inapanda hadi mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Kwenye barabara hiyo, na kwenye njia za udongo mwekundu zinazoteleza kila masika kuelekea Mlalo na Mtae, usafiri wa mwananchi ni bodaboda. Abiria hupakiwa wawili, wakati mwingine na tenga la nyanya juu yake. Kofia ngumu, kama ipo, ni ya dereva, na mara nyingi inaning'inia kwenye usukani.

Pikipiki ikianguka, kinachoonekana kwanza ni damu. Majeruhi anashonwa, anazinduka, anawatambua nduguze, anaruhusiwa. Kidonda kikifunga, watu wanamshukuru Mungu na yameisha.

Miezi miwili baadaye manung'uniko yanaanza. Anauliza swali lilelile mara tatu. Anafoka kwa jambo dogo. Kama ni dereva, abiria akimpa noti ya elfu kumi kwa safari ya elfu mbili na mia tano, anasimama akiitazama, chenji haipatikani kichwani. Wapo watakaosema amekuwa jeuri, na wapo watakaosema kuna mkono wa mtu.

Sababu iko ndani ya fuvu. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.4, ni laini, na unaelea katika majimaji. Kichwa kikigonga lami, fuvu husimama ghafla lakini ubongo huendelea kwenda, ukajibamiza kwenye mifupa ya nyuma ya paji la uso na ya pembeni. Huko ndiko damu huvilia zaidi, na huko ndiko ziliko sehemu zinazotawala subira, mipango na kumbukumbu. Kisha tishu zilizoumia huvimba. Kwa kuwa fuvu halitanuki, uvimbe hubana mishipa, na hata seli zilizonusurika kwenye ajali hukosa damu na oksijeni.

Lipo pia jeraha lisiloonekana kirahisi. Seli za ubongo huwasiliana kwa nyuzi nyembamba mno, na kichwa kikitikiswa au kuzungushwa kwa nguvu, nyuzi hizo huvutika. Nyingi hazikatiki papo hapo. Huharibika kwa saa na siku zinazofuata. Mwaka 1956, mtafiti Sabina Strich wa Oxford, Uingereza, alieleza alichokiona katika bongo za watu walioishi miezi kadhaa baada ya ajali huku akili zao zikiwa zimeharibika vibaya. Mafuvu hayakuwa yamevunjika, lakini nyuzi zilikuwa zimekufa sehemu kubwa ya ubongo. Ndiyo maana picha ya CT inaweza kutoka safi na mgonjwa bado akawa na tatizo.

Wazee wana hatari yao ya peke yao. Bibi akiteleza shambani na kujigonga kidogo tu, damu inaweza kuvuja taratibu juu ya ubongo kwa wiki kadhaa, mpaka aanze kuchanganyikiwa na kuyumba. Nyumbani wanasema ni uzee. Kumbe damu hiyo hutolewa kwa upasuaji, na wengi hupata nafuu kubwa.

Katika hospitali ya KCMC, Moshi, watafiti wamekuwa wakiweka kumbukumbu za majeruhi wa kichwa kwa miaka mingi. Wengi ni vijana wa kiume, na chanzo kikuu ni ajali za barabarani, pikipiki zikiwa mbele. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali umeonyesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi, na ya kufa kwa asilimia 42.

Kwa aliyekwisha kuumia, milima hii ya Usambara ina historia ya kujifunza. Hospitali ya Lutindi, upande wa Korogwe, ilianzishwa na wamisionari Wajerumani mwaka 1896 kutunza watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kazi za mikono na za shamba zimekuwa sehemu ya matibabu yake. Aliyeumia ubongo naye hunufaika na ratiba isiyobadilika, kazi moja kwa wakati, usingizi wa kutosha na daftari la kuandikia mambo.

Kwa hiyo, mwenye majeruhi nyumbani, siku mbili za kwanza usimwache peke yake. Akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, akipata degedege, akilegea upande mmoja au akiwa mgumu kuamka, mrudishe hospitali hata kama ni usiku. Tabia ikibadilika baada ya wiki au miezi, mpeleke tena, na mweleze daktari kwamba aliwahi kugonga kichwa. Pombe aiache. Pikipiki asiiguse mpaka daktari aseme ndiyo.

Nawe abiria, dai kofia yako kabla ya kupanda.