Shauri la Dawa ya Mtoto

Katika wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu, ambako pamba huuzwa kwa msimu na fedha huingia nyumbani kwa msimu vilevile, mzazi mwenye mtoto wa kifafa hukabiliwa na shauri zito: ama ampe dawa ya hospitali, inayomezwa kila siku kwa miaka, ama ampeleke kwa mganga aahidiye kuyakata maradhi kwa mara moja. Na kwa kuwa kifafa, ambacho asili yake ni hitilafu ya umeme wa ubongo, hapa nchini hutibiwa aghalabu katika kliniki za afya ya akili, wapo wazazi wanaositasita kwa kuogopa mtoto asije akaitwa mwendawazimu.

Hofu ya dawa yenyewe nayo haikosi sababu. Fenobabitoni, dawa ya kifafa ambayo Alfred Hauptmann, tabibu wa Kijerumani, alidhihirisha faida yake mwaka 1912, ni rahisi kwa bei na hutosha kumezwa mara moja kwa siku. Mama hupokea vidonge vidogo vyeupe katika bahasha iliyoandikwa "1x1 usiku". Baada ya majuma kadhaa degedege limepungua, lakini mwalimu aleta habari kwamba mtoto asinzia darasani, au, kinyume chake, amekuwa mkorofi asiyetulia. Hapo baba husema dawa imemharibu mwanawe, na bahasha hutupwa.

Kosa ni kule kutupa, maana dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla, degedege laweza kurudi kwa kishindo, likafululiza hata kuhatarisha uhai. Njia ya salama ni kumrudia tabibu na kumweleza yote, naye aweza kupunguza kipimo taratibu au kubadili dawa. Kabamazepini ni mojawapo, ingawa aina nyingine za kifafa huzidishwa nayo. Valproeti ina nguvu, lakini Shirika la Afya Duniani lilionya mwaka 2023 kwamba isitolewe kwa wasichana na wanawake wawezao kushika mimba, kwa madhara yake kwa kiumbe tumboni; basi mwenye binti na aulize mapema.

Wala dawa si kifungo cha maisha kwa kila mtoto: akikaa miaka miwili bila kuanguka, tabibu na wazazi huweza kushauriana juu ya kuiacha kidogo kidogo.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kuondoka kwenye dirisha la dawa, uliza mambo matatu: dawa hii yaweza kumfanya nini mtoto, nifanye nini akisahau kuimeza, na nirudi lini. Ukimwendea mganga pia, usimfiche tabibu, wala usiache vidonge kwa amri ya mtu asiyevitoa. Na mtoto aangukapo, mlaze ubavu, mwondoe karibu na moto, usimtie kitu kinywani. Povu lake haliambukizi mtu.