Dawa Ikikudhuru, Usinyamaze: Taarifa Yako Huenda Wapi?

Umepewa dawa zahanati, au umenunua duka la dawa muhimu. Siku ya pili ngozi inatoka malengelenge na midomo inavimba. Unaacha dawa, unapona, na jirani akiuliza unamjibu, "Ile dawa ilinikataa." Kwako habari imeishia hapo. Kwa nchi nzima, ni kama haikutokea, kwa sababu hakuna aliyeiandika.

Kwa nini madhara mengine hujulikana baadaye?

Kabla ya kuruhusiwa, dawa hujaribiwa kwa watu mia kadhaa au maelfu machache. Dhara linalompata mtu 1 kati ya 10,000 linaweza lisionekane kabisa. Wajawazito, watoto wadogo na wazee wenye magonjwa mengi mara nyingi hawamo katika majaribio hayo.

Dunia ilijifunza hili kwa uchungu. Dawa iitwayo thalidomide ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957, na wajawazito waliitumia kutuliza kichefuchefu. Maelfu ya watoto walizaliwa na mikono au miguu mifupi, na wengine bila viungo hivyo. Iliondolewa sokoni huko mwishoni mwa 1961. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilianzisha mpango wa nchi kupeana taarifa za madhara ya dawa. Tanzania ilijiunga mwaka 1993.

Taarifa husafiri vipi?

Mhudumu wa afya hujaza fomu ya njano, au huituma kwa mtandao, kwenda Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo kabla ya 2019 ilijulikana kama TFDA. Zanzibar ina wakala wake wa chakula na dawa. Wataalamu huangalia: je, dhara limetokana na dawa, au na ugonjwa wenyewe? Kisha taarifa huingizwa katika hifadhi ya dunia iliyoko mji wa Uppsala, Sweden, yenye taarifa zaidi ya milioni 30.

Taarifa moja haitoshi kuihukumu dawa. Lakini zikifanana kutoka wilaya mbalimbali, maswali huanza. Mamlaka inaweza kuagiza onyo jipya kwenye karatasi ya maelezo, kuondoa toleo moja lenye kasoro, au kuifuta dawa kabisa.

Mfano wa karibu ni stavudine, iliyokuwa moja ya ARV. Waliomeza walilalamika ganzi na miguu kuwaka moto, na mashavu kusinyaa. Ushahidi ulipojengeka katika nchi nyingi, mwaka 2009 WHO ilishauri iondolewe hatua kwa hatua.

Wewe ufanye nini?

Kwanza, rudi kituo cha afya haraka. Ukivimba uso, ukishindwa kupumua au ngozi ikibabuka, usingoje kesho.

Pili, usitupe pakiti. Jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda ndivyo vinavyoonyesha kama tatizo ni dawa yenyewe au ni mzigo mmoja tu uliotengenezwa vibaya. Kumbuka pia ulianza lini kumeza, dhara lilianza lini, na dawa nyingine ulizotumia, pamoja na za mitishamba.

Tatu, mwombe mhudumu aandike taarifa. Unaweza pia kuituma mwenyewe kwa simu ya kawaida kupitia menyu ya huduma za Serikali, *152*00#. Jina lako halitangazwi.

Tahadhari: kama unatumia dawa za kifua kikuu, ARV, presha au kisukari, usiziache kwa uamuzi wako kwa sababu ya maudhi madogo. Muulize mhudumu kwanza, huenda akakubadilishia.

Mfumo huu hauna macho mengine zaidi ya yetu. Kijiji kikinyamaza, wanaosoma takwimu huona kijiji ambacho dawa haijamdhuru mtu, na pakiti ileile huendelea kuuzwa kwa jirani yako.