Kuupima Ustadi wa Utungaji wa Kozi za Mtandaoni

Katika makala haya neno ‘kozi’ halitumiki kwa maana ya somo linalofundishwa, bali kwa maana ya mpango wa somo hilo jinsi ulivyowekwa mtandaoni: maelezo, matini, mazoezi, majadiliano, mitihani, na njia inayomwongoza mwanafunzi kutoka jambo moja hadi jingine. Tofauti hii ni ya lazima. Mwalimu wa darasani akiona nyuso zimekunjamana hurudia alilosema, au hutafuta mfano mwingine. Mtungaji wa kozi ya mtandaoni hana nafasi hiyo. Hana budi kuyabashiri matatizo kabla mwanafunzi hajaufungua ukurasa wa kwanza. Kwa kuwa kazi hiyo hufanyika kabla ya mafunzo kuanza, ni wachache wanaoiona.

Juhudi za kuitambua zilianza mapema nchini Marekani. Mwaka 2000 kampuni ya WebCT, iliyokuja kuungana na Blackboard mwaka 2006, ilianzisha mpango wa kuzitunukia kozi za mfano. Katika mpango huo kozi zilipimwa kwa mafungu manne: utungaji wenyewe, mawasiliano na ushirikiano, upimaji wa wanafunzi, na msaada anaopewa mwanafunzi. Mpango wa Quality Matters, uliozaliwa Maryland mwaka 2003 kwa ruzuku ya serikali ya Marekani, ulifuata njia nyingine. Huo hautoi tuzo bali cheti, na labda ndiyo maana hauwatishi walimu sana. Kozi husomwa na walimu wenza watatu, nao hutazama utungaji tu, wala si jinsi mwalimu anavyofundisha. Ili ifaulu, lazima itimize vigezo vyote vya lazima na kupata angalau asilimia 85 ya alama. Isipofikia hapo, mwalimu hupewa mapendekezo na nafasi ya kurekebisha.

Kiini cha vigezo hivyo ni ulinganifu: lengo, zoezi na mtihani vielekee mahali pamoja. Jambo hili huonekana jepesi mpaka litazamwe katika kozi ya lugha. Tuseme kozi ya ngeli kwa wageni inaahidi kwamba mwanafunzi ataweza kupatanisha nomino, vivumishi na vitenzi katika mazungumzo. Jaribio lake, hata hivyo, linamtaka aoanishe ngeli na viambishi vyake, kwa sababu kazi ya namna hiyo kompyuta huisahihisha bila taabu. Mwanafunzi anapata alama zote. Kesho yake anasema ‘kiboko kikubwa kimeonekana mtoni’, akikusudia mnyama, wala haoni kosa, maana amelitii jedwali alilolikariri. Hajapata kuambiwa kwamba uhai wa kiboko huleta ‘kiboko mkubwa ameonekana’, na kwamba sentensi yake ingefaa kama mtoni pameonekana mjeledi. Hapa kosa si la mwanafunzi, na pengine hata si la ujuzi wa mwalimu, ambaye huenda akawa mwanaisimu mahiri. Ni kosa la utungaji, na jopo makini lingeligundua kwa kuliweka lengo kando ya jaribio tu.

Lakini vigezo vya umbo vina upofu wao. Kozi yaweza kuwa na malengo yaliyopangwa vizuri na majaribio yanayolingana nayo, huku Kiswahili chake kikiwa tafsiri sisisi ya Kiingereza. Kwa hiyo mtaalamu wa lugha yenyewe hawezi kukosekana katika jopo. Vyuo vya Kenya vilipofungwa Machi 2020, lilijitokeza pia suala la gharama: mhadhara wa saa nzima uliorekodiwa kwa picha ni mzigo kwa mwanafunzi aliyeko Lodwar, anayesoma kwa simu na kujinunulia data. Kozi iliyotumia sauti fupi na matini mepesi haipendezi macho vile, ila kwake hiyo ndiyo bora. Mtunzaji asiyeijua hali hiyo atamtuza mwenye picha.

Ipo pia haki ya mtungaji. Katika vyuo vingi upandishaji vyeo huegemea zaidi machapisho. Mhadhiri aliyetumia likizo nzima kupanga mazoezi ya upatanisho wa kisarufi huonekana hana kitu, ilhali mwenzake mwenye makala moja ana cha kuonyesha. Ripoti ya jopo, yenye vigezo vilivyotangazwa na sahihi za wapimaji, ingeweza kuwekwa katika faili lake pamoja na machapisho. Kwa kozi za Kiswahili jopo hilo laweza kuwa dogo: mwanaisimu mmoja, mwalimu mwenye uzoefu wa kufundisha wageni, na mtu wa chuo kingine asiyemjua mtungaji, ambaye ataifungua kozi yote kwa simu tangu ukurasa wa kwanza.