Biskuti za tende: Tamu na zina faida, ila si dawa ya utapiamlo

Mtoto akitumwa dukani mjini Lodwar au kule Kakuma na akabakiwa na chenji, mara nyingi hurudi na andazi mkononi. Andazi moja halina ubaya mkubwa. Taabu huanza pale linapokuwa andazi asubuhi, andazi mchana, na kila mara chai yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko.

Akina mama wengi hupenda kujua kama kuna kitafunio kingine cha kushika mkononi ambacho wanaweza kukipika wenyewe. Kipo. Ni biskuti iliyokunjwa kama sambusa, ikatiwa tende ndani, kisha ikaokwa badala ya kukaangwa. Waarabu wana yao, wakiiita maamul, na huipika sana wakati wa Idi. Kwa Turkana kitafunio hiki kinafaa kwa sababu mitende hustawi kando ya Mto Turkwel, na tende kavu hazioziki upesi kama embe au ndizi zinazoletwa na malori kutoka upande wa Kitale.

Tuanze na unga. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na wa mahindi unaouzwa kwa pakiti uongezwe madini na vitamini, madini ya chuma yakiwemo, na mafuta ya kupikia yaongezwe vitamini A. Kwa hiyo soma pakiti kabla ya kununua. Ukiinywa chai papo hapo na biskuti, majani ya chai huzuia mwili kufyonza sehemu ya hayo madini ya chuma. Afadhali usubiri kama saa moja hivi.

Chukua vikombe viwili vya unga na chumvi kidogo. Tia theluthi moja ya kikombe cha mafuta ya maji, usugue kwa vidole mpaka unga uwe kama chenga, kisha ongeza maji kidogo kidogo hadi upate donge laini. Vitabu vingi vya mapishi husema utumie mafuta mgando. Yeyote aliyejaribu hivyo Lodwar saa saba mchana, joto likiwa nyuzi 35 au zaidi, anajua kwamba mafuta hayo huyeyuka na donge likanata kibaoni. Tena baadhi ya mafuta mgando yana aina ya mafuta yanayodhuru moyo, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianza kampeni ya kuyaondoa duniani mwaka 2018. Mafuta ya maji hukuondolea taabu zote mbili.

Toa kokwa kwenye tende zijazo kikombe kimoja, uziponde pamoja na vijiko vitatu vya maji moto na matone ya ndimu. Usitie sukari hata kidogo. Sukuma donge kama chapati nyembamba, likate kwa mdomo wa gilasi, weka kijiko kidogo cha tende, kunja na ubane kingo kwa uma. Utapata biskuti kama 16. Kila moja itakuwa na sukari ya tende inayokaribia kijiko kimoja na nusu cha chai, ilhali chupa ndogo ya soda huwa na vijiko saba au zaidi. Hata hivyo tende hunata kwenye meno, basi mtoto asukutue kinywa akimaliza kula. Mwenye ugonjwa wa kisukari naye asidanganyike kwamba sukari ya tunda haihesabiwi.

Watu huuliza kuhusu matunda ya mkoma, yale ambayo Waturkana huyaita eengol. Nyama yake ya kahawia ikitwangwa na kuchekechwa hutoa unga mtamu wenye ladha kama ya tangawizi. Robo kikombe ukiichanganya na tende inapendeza sana. Usizidishe, kwa kuwa mkoma una nyuzinyuzi nyingi, na mtu akiula kwa wingi tumbo likiwa tupu na maji yakiwa haba, huweza kufunga choo na kupata maumivu makali. Katika ukame wa 2020 hadi 2023 familia nyingi za Turkana ziliula kwa kukosa kingine.

Huna tanuri? Weka mchanga mkavu na safi ndani ya sufuria kubwa, kina cha vidole viwili, na juu yake sahani ya bati yenye biskuti. Funika, weka makaa machache chini na mengi zaidi juu ya mfuniko. Baada ya nusu saa hivi zitakuwa zimebadilika rangi. Usitumie debe lililowahi kuwa na rangi au dawa ya mifugo. La muhimu kuliko yote, okea nje. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyoonekana wala kunuka, na chumba cha mabati kilichofungwa kwa kuogopa vumbi kinaweza kuua watu waliolala.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kukanda, maana Kakuma imewahi kukumbwa na kipindupindu zaidi ya mara moja. Watoto nao wasilambe donge bichi, kwani unga usioiva huweza kubeba vijidudu. Biskuti zikipoa kabisa, ziweke katika mkebe mkavu wenye mfuniko, zitakaa siku tatu. Zile za embe au ndizi ziliwe siku hiyo hiyo. Ukitia maziwa au yai ndani, usiziache mezani zaidi ya saa moja katika joto la huko.

Sasa jambo linalotusumbua. Wapo wanaompa mtoto aliyekonda vitu vitamu wakitumaini atanenepa. Biskuti hii humpa nguvu mtoto mwenye afya, lakini haina protini ya kutosha kumponya mwenye utapiamlo. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupimwa mkono wa juu kwa utepe. Ukiwa chini ya sentimita 12.5 anahitaji kuonwa kliniki, na chini ya 11.5 hali ni ya hatari, apelekwe siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo miguu ikivimba, hata kama mkono unaonekana mnene. Akipewa kile chakula cha tiba cha karanga kilicho katika pakiti, ni chake peke yake. Kisigawiwe ndugu zake, wala kisichanganywe na unga wa biskuti.